Bomba Halitoi Maji, Nani Anajibu? Mwongozo wa kutumia takwimu za umma kijijini na mtaani

Mikutano mingi ya vijiji huku kwetu Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania inakwenda hivi. Mama mmoja anasimama, kajifunga khanga mbili kwa sababu ya baridi ya Julai, anasema: "Mwenyekiti, maji hakuna." Watu wanapiga makofi. Mwenyekiti anajibu, "Tumelipokea, tutalifikisha." Mkutano unaendelea na ajenda nyingine. Miezi mitatu baadaye mama yuleyule anasimama tena na maneno yaleyale.

Mama huyo anasema kweli na mwenyekiti hana nia mbaya. Kinachokosekana ni sentensi inayofuata baada ya "maji hakuna": vituo vingapi, vipi, tangu lini, ni jukumu la nani, na fedha ya kuvitengeneza ilipangwa au haikupangwa. Mwongozo huu unahusu sentensi hiyo. Nimechukua maji kama mfano mkuu kwa sababu ndiyo kero ninayoifahamu kwa karibu, lakini njia ni ileile kwa vyoo vya shule, dawa za zahanati au barabara ya kutoa viazi shambani.

Kwanza, funzo kutoka Njombe

Kabla ya hatua zenyewe, ni vizuri kujua lililowapata waliotutangulia. Shirika la Daraja, lililokuwa na makao Njombe, liliendesha mradi ulioitwa Maji Matone. Wazo lilikuwa zuri: mwananchi anatuma ujumbe mfupi wa simu kusema kituo fulani cha maji kimeharibika, ujumbe unapelekwa kwa mhandisi wa maji wa wilaya, na vyombo vya habari vinafuatilia kama kimetengenezwa. Walitegemea ujumbe 3,000. Baada ya miezi sita walikuwa wamepata 53. Mwaka 2011 Daraja wenyewe walitangaza hadharani kwamba mradi umeshindwa na wakaeleza kwa nini. Nawaheshimu sana kwa hilo, kwa kuwa wengi huficha.

Sababu walizozitoa zinatuhusu hadi leo. Wanaochota maji ni akina mama na watoto, na simu mara nyingi ilikuwa mfukoni mwa baba. Mtandao ulikuwa hafifu vijijini. Kubwa zaidi, watu hawakuamini kwamba kuna atakayejibu, na mtu hatumii hata shilingi hamsini kuuliza swali ambalo anajua halitajibiwa. Kwa hiyo usianze na simu wala programu. Anza na jambo litakalowapa watu sababu ya kuamini.

Hatua ya 1: Chagua swali moja, dogo

Swali liwe dogo kiasi kwamba watu wanne wanaweza kulijibu kwa wiki moja. "Maendeleo ya kata yetu" hilo halihesabiki. "Kati ya vituo vya kuchotea maji vya kijiji chetu, vingapi vilitoa maji wiki hii?" linahesabika.

Inasaidia sana kama serikali yenyewe ina kiwango ilichoweka, maana hapo hubishani kuhusu maoni yako, unalinganisha hali halisi na ahadi. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 inasema mwananchi wa kijijini apate lita 25 kwa siku, asitembee zaidi ya mita 400, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Shule ya msingi inatakiwa kuwa na tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, na mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu.

Tuseme kijiji kina watu 2,300. Gawanya kwa 250, unahitaji vituo 10. Ukikuta vipo 14 vilivyojengwa lakini vitano tu ndivyo vinatoa maji, una watu 1,250 wanaohudumiwa kwa kiwango na 1,050 wasiohudumiwa. Hesabu hiyo inaandikwa kwenye kiganja cha mkono, na kila mtu mkutanoni anaielewa.

Hatua ya 2: Jua mwenye jukumu

Hapa ndipo tunapopoteza muda mwingi. Mimi niliwahi kuzungushwa karibu miezi minne na barua moja, na mwisho nikaambiwa kwa upole kwamba ofisi ile haikuwa na mamlaka na jambo lile tangu mwanzo. Nilikasirika, lakini kosa la kutouliza mapema lilikuwa langu.

Maji vijijini yako chini ya RUWASA, wakala ulioundwa kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019. Uendeshaji wa kila siku, yaani kukusanya fedha za ndoo, kumlipa fundi, kununua koki, uko kwa chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ambacho watu wengi bado wanakiita kamati ya maji. Kwa hiyo koki iliyokatika ni ya chombo cha jamii. Banio, yaani kizuizi kinachoingiza maji ya mto kwenye bomba, likisombwa na mafuriko ni la meneja wa RUWASA wa wilaya. Mjini Iringa na jijini Mbeya zipo mamlaka za maji za miji, na huko RUWASA hawahusiki.

Barabara nazo zina wenyewe wawili. Barabara kuu inayotoka Iringa kupitia Mafinga, Makambako na Uyole hadi Tunduma ni ya TANROADS, pamoja na zile za mkoa. Barabara za wilaya na za mitaani ni za TARURA tangu mwaka 2017. Ukimlaumu diwani kwa shimo la barabara kuu, unamwonea.

Shule ya msingi, sekondari, zahanati na kituo cha afya ni vya halmashauri, chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Hospitali ya rufaa iko Wizara ya Afya. Na kwa ndugu zetu wa Mbarali wanaogombea maji ya mifereji ya mpunga, vibali vya kutumia maji ya mto vinatolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, yenye makao Iringa.

Andika jina la cheo, ofisi ilipo, na nani yuko juu yake.

Hatua ya 3: Kusanya kilichokwisha kuandikwa

Usihesabu upya kile ambacho serikali imekwisha kukihesabu. Idadi ya watu chukua kwenye Sensa ya 2022: Mkoa wa Mbeya una watu 2,343,754 na Iringa 1,192,728, na Ofisi ya Taifa ya Takwimu imetoa idadi hadi ngazi ya kata. Matokeo ya mitihani ya kila shule yapo kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani. Ripoti ya Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali, ikiwemo ile ya serikali za mitaa, huwekwa wazi kila mwaka baada ya kuwasilishwa bungeni mwezi Aprili. Itafute halmashauri yako kwa jina, uone imepata hati gani, yaani maoni ya mkaguzi kuhusu hesabu zake, na hoja zipi za ukaguzi hazijafungwa. Halafu kuna chanzo ambacho watu wanakipita kila siku bila kukitazama, nacho ni mbao za matangazo: ofisi ya kijiji, kata, shule na zahanati. Ruzuku ya uendeshaji iliyoingia shuleni inatakiwa kujulikana kwa wazazi. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, ruzuku ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, 6,000 zikienda shuleni na 4,000 zikibaki kwa ajili ya vitabu. Shule ya watoto 620, basi, ni 3,720,000 kwa mwaka, sawa na 310,000 kwa mwezi. Mzazi mwenye namba hiyo kichwani anauliza maswali tofauti kabisa na asiye nayo, na mara nyingi anagundua kwamba mwalimu mkuu anahangaika na fedha kidogo mno.

Kuhusu maji, Wizara iliwahi kuhesabu vituo nchi nzima na sehemu ya takwimu hizo ikatolewa kwa umma. Ina vituo 59,400 vilivyokaguliwa zaidi kati ya 2011 na 2013: 32,259 vilikuwa vinafanya kazi, 4,317 vilifanya kazi lakini vilihitaji matengenezo, na 22,824 vilikuwa vimekufa. Iringa, ambayo kwenye takwimu hizo bado ilikuwa na Njombe ndani yake, ndiyo iliyokuwa na vituo vingi kuliko mkoa wowote: 5,294. Ukivitafuta, huenda ukakuta bomba la jirani yako limo humo.

Lakini zisome kwa macho mawili. Ni za zaidi ya miaka kumi iliyopita. Na zaidi ya vituo 20,000 humo havina mwaka wa kujengwa. Mahali pake pameandikwa sifuri. Sifuri ya aina hiyo haina maana ya "hakuna", ina maana ya "hatukuuliza". Ukiijumlisha pamoja na namba nyingine utapata wastani wa ajabu na afisa wa kwanza atakayeuona atakutupilia mbali na karatasi zako zote.

Hatua ya 4: Hesabuni wenyewe

Mnahitaji daftari lenye mistari, kalamu, ndoo ya lita 20 na simu yenye saa. Nendeni wawili wawili, na katika kila wawili awepo mwanamke. Yeye ndiye anayejua kwamba bomba la karibu na kanisa linatoa maji saa kumi usiku tu, na kwamba lile la bondeni likifunguliwa la juu linakauka. Baba wa nyumba hiyohiyo atakuambia bomba linatoa, kwa sababu kila asubuhi anakuta maji ya kunawa.

Kila kituo kipewe namba, kisha andikeni: kitongoji, mwaka kilipojengwa na aliyejenga, kinatoa au hakitoi, dakika ngapi kujaza ndoo, foleni ya watu wangapi, bei ya ndoo, kiliharibika lini, na kilichoharibika ni nini. Kituo kinachojaza ndoo kwa dakika 2 kinatoa lita 10 kwa dakika. Kinachojaza kwa dakika 9 kinahesabiwa "kinafanya kazi" kwenye ripoti nyingi, wakati akina mama wanalala hapo. Ndiyo maana dakika ni muhimu kuliko alama ya vema.

Miradi mingi ya huku ni ya mserereko, maji yanashuka yenyewe kutoka mlimani. Basi fuateni bomba hadi juu. Kazi hii inachosha na wengi huiruka, lakini ndiyo inayowatenganisha na walalamikaji wa kawaida. Mkikuta tangi limejaa na bomba la chini limekauka, tatizo liko njiani, pengine kuna mtu kakata bomba anamwagilia bustani ya nyanya. Mkikuta banio limefukiwa na mchanga, kubadilisha koki zote za kijiji hakutasaidia. Mkikuta chanzo chenyewe kimepungua, ulizeni miti gani imepandwa karibu nacho na nani analima juu yake.

Hesabuni mara mbili, asubuhi na jioni, na ikiwezekana katika miezi ya Agosti na Septemba, kiangazi kikiwa kimekolea. Mwezi Machi kila bomba ni zuri.

Wenye simu za kisasa wanaweza kutumia KoboToolbox kujaza fomu hata pasipo mtandao, na kuweka vituo kwenye ramani ya OpenStreetMap. Zote ni bure. Lakini daftari libaki, maana ofisi ya kijiji itataka kuona karatasi.

Mambo mawili ya kisheria. Msiandike majina ya wagonjwa, wadaiwa wa maji au watoto: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa hizo, na hata bila sheria ni aibu kuzianika. Pia, mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilibana uchapishaji wa takwimu zinazotofautiana na za serikali. Marekebisho ya 2019 yakakiondoa kizuizi hicho. Hata hivyo muwe wakweli kwenye kichwa cha kazi yenu. Andikeni "hesabu ya wananchi", tarehe, waliohesabu na namna walivyohesabu, ili mtu yeyote aweze kupita njia hiyohiyo na kuhakiki.

Hatua ya 5: Ombeni taarifa kwa barua

Tanzania ilijiunga na Mpango wa Uendeshaji wa Serikali kwa Uwazi (OGP), ambao ni wa kimataifa, mwaka 2011 na ikajitoa 2017. Wapo wanaodhani haki ya kuuliza ilikwenda na mpango huo. Haikwenda. Ibara ya 18 ya Katiba ipo, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 ipo. Sheria hiyo inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa taasisi ya umma, na taasisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Asiyejua kuandika anaweza kuomba kwa mdomo na afisa akamwandikia. Ukinyimwa, unaomba mapitio kwa mkuu wa taasisi. Zipo taarifa ambazo zinaweza kuzuiliwa, za usalama wa taifa kwa mfano, lakini bei ya bomba la inchi mbili haimo.

Barua iwe fupi, namna hii:

*YAH: MAOMBI YA TAARIFA ZA MRADI WA MAJI WA KIJIJI*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi wananchi wa kijiji tajwa, kwa kuzingatia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, tunaomba kupatiwa taarifa zifuatazo: (1) orodha ya vituo vya maji vya kijiji na mwaka kila kimoja kilipojengwa, (2) kiasi cha fedha kilichotengwa kwa matengenezo mwaka huu wa fedha, na kilichokwisha kupokelewa, (3) taarifa ya mapato na matumizi ya chombo cha watoa huduma ya maji kwa miezi sita iliyopita. Tunaambatisha hesabu ya vituo tuliyoifanya, na tuko tayari kuihakiki pamoja nanyi.*

Sentensi ya mwisho usiifute. Ofisa anayeona unamkaribisha kuhakiki hukupokea tofauti na anayeona umekuja kumshtaki. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe na mrudi nayo. Siku 30 zinahesabiwa kuanzia mhuri huo. Sambamba na barua, mnaweza kuwasilisha kero kwenye e-Mrejesho, mfumo wa serikali wa kupokea maoni na malalamiko kwa mtandao. Ila kwa jambo la kijiji kizima, karatasi yenye mhuri na sahihi za watu ina uzito wake.

Na msipotoshe mlichopewa. Kupotosha taarifa iliyotolewa chini ya sheria hii ni kosa la jinai.

Hatua ya 6: Fikeni kabla mlango haujafungwa

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Watu wengi hupeleka ombi mwezi Mei, wakati Bunge liko Dodoma linapitisha kilichoandikwa miezi mingi nyuma. Vijiji na mitaa vinaibua vipaumbele kuelekea mwisho wa mwaka wa kalenda, kata inavijumlisha, na madiwani wanapitisha bajeti ya halmashauri mwanzoni mwa mwaka. Ndiyo sababu nyingine ya kuhesabu Agosti na Septemba: Oktoba karatasi iko tayari.

Mkutano mkuu wa kijiji, wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na humo mnatakiwa kusomewa mapato na matumizi. Wiki moja kabla, nendeni kwa mwenyekiti nyumbani kwake, mpeni shikamoo yake, mwonyesheni jedwali. Asilione kwa mara ya kwanza mbele ya watu mia mbili. Mwombeni mtendaji aliingize kwenye ajenda, lisisubiri "mengineyo", kwa sababu mengineyo hufika watu wakiwa wamesimama wanakwenda kukamua ng'ombe.

Mkutanoni asome yule mama wa khanga mbili. Dakika tano zinatosha: vituo 14, vitano vinatoa, tisa havitoi, kati ya tisa, sita ni koki, viwili ni bomba lililopasuka, kimoja ni banio. Koki sita ni kazi ya chombo chetu cha maji, bomba na banio ni RUWASA. Halafu anauliza: "Mwenyekiti, koki sita tunazipata lini?"

Hapo ndipo nimeona mikutano ikibadilika. Koki ni za fedha ndogo. Chombo cha maji kinaweza kuahidi tarehe papo hapo. Jambo dogo likitimia, watu wanarudi kwa ajili ya banio. Hakikisheni azimio linaandikwa kwenye muhtasari likiwa na cheo cha mhusika na tarehe, na muhtasari huo unakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ni mwenyekiti na mtendaji wa kata ni katibu. Bila muhtasari, diwani hana cha kushika akisimama kwenye baraza la madiwani. Vikao vya baraza viko wazi kwa wananchi. Wawili wenu waende wakakae nyuma na daftari.

Hatua ya 7: Rudisheni majibu kwa watu

Kila mwezi, bandikeni karatasi moja kwenye mashine ya kusaga, dukani na shuleni: namba ya kituo, aliyeahidi, tarehe ya ahadi, kilichofanyika. Kituo kikitengenezwa, kiandikeni kwa herufi kubwa kuliko ambacho hakijatengenezwa, na mtajeni fundi. Afisa aliyejibu barua yenu ndani ya siku 30 aandikiwe barua ya shukrani, nakala kwa mkuu wake. Wengi wao hawajawahi kuipata hata moja.

Tarehe ikipita bila jibu, andikeni "haijajibiwa" na idadi ya siku. Msiongeze neno. Kisha barua ya kukumbushia, ikiambatana na nakala ya ile yenye mhuri, iende kwa ngazi iliyo juu.

Agosti ijayo, pitieni vituo vilevile kwa namba zilezile na ndoo ileile ya lita 20, mkiongeza kijana mmoja katika kila wawili ili daftari lipate mrithi.